Chakula Kilichopitia kwa Gulamu

Wanangu mnaoanza kazi ya ustawi wa jamii, nimesikia mna semina, mna kompyuta, na mna viti vinavyozunguka. Hongereni. Ofisi yetu pale Tanga mjini ilikuwa na kiti kimoja cha mgeni, nacho mguu wake mmoja ulifungwa kwa kamba ya katani. Aliyekikalia kwa jeuri alianguka. Wanaume waliokuja kukana watoto wao walianguka sana, na mimi Bi Tatu sikuona haja ya kumwita seremala.

Nilianza kazi wakati wa foleni za sabuni, nikastaafu mitumba imejaa kila baraza. Kesi zangu nyingi zilikuwa za Waislamu wenzangu walioachana, na swali lilikuwa lile lile: mtoto yuko kwa mama, nani amlishe? Jibu halijawahi kuwa gumu. Ni baba. Chakula, nguo, pa kulala, dawa, yote kwake, na kuachana na mama hakumpunguzii kitu. Kazi ngumu ilikuwa kukifikisha hicho chakula mdomoni mwa mtoto, maana njiani wamekaa watu wazima na hasira zao.

Aliyenifundisha ni Shekhe Athumani, mwenyekiti wa baraza la usuluhishi lililokaa ukumbini mwa msikiti kule Mabawa. Ofisi ilinituma kwake na kesi za ndoa kwa sababu watu walimsikiliza kuliko walivyoisikiliza serikali. Alikuwa mfupi, mpole, na mwenye kusahau majina ya watu hadi umkumbushe mara tatu. Lakini mwanaume akisema, "Shekhe, huyu mwanamke nishamwacha," yeye hujibu, "Umemwacha mama. Mtoto hapewi talaka."

Alinikataza kuanza shauri kwa kuuliza baba anapata nini kazini. "Ukiuliza hivyo, binti, utasikia uongo mpaka alasiri. Muulize mama, mbele ya baba, mtoto jana amekula nini. Halafu nyamaza." Nimelijaribu hilo kwa wakulima, mabaharia na wafanyabiashara wenye magari. Mnyamaze kweli, lakini. Nyinyi vijana mnapenda kujaza kimya kwa maneno ya semina.

Tena wakati ule pesa haikuwa dawa. Unaweza kumwamuru baba alipe, akalipa, na mama akazunguka mji mzima na noti mkononi asipate sukari wala mafuta. Tukaanza kuandika maamuzi kwa vitu: unga, maharage, mche wa sabuni, kitambaa cha sare. Baba mmoja wa Pongwe akanielewa kupita kiasi, akaniletea ofisini jogoo hai ili nimfikishie mtoto. Bosi kutoka mkoani alipokuja kukagua, jogoo akawika chini ya meza yangu. Nikasema ni kielelezo.

Basi sikilizeni ya Mbwana na Mwanaidi, maana hiyo ndiyo niliyokusudia kuwaeleza.

Mbwana alikuwa kibarua wa shamba la chai kule juu, karibu na Amani. Mwanaidi alikuwa binti wa Mabawa. Alimfuata mumewe kambini, ukungu na upweke vikamshinda. Hawakupigana wala kutukanana. Alirudi mjini na mtoto mgongoni, Zuhura, hajaota meno, na talaka ikafuata nyuma. Baadaye akaolewa na Rajabu, fundi wa reli, mtu wa Mabawa hapo hapo. Rajabu ndiye mwanaume pekee niliyemjua ambaye shati lake lilikuwa na mistari ya pasi hata mji ulipokosa sabuni kabisa. Nilimpenda na kumchukia katika siku moja, na siku yenyewe ndiyo hii.

Aliyeleta mashtaka barazani alikuwa baba. Nikadhani nimesikia vibaya, kwa sababu mimi nilizoea kuwafukuzia akina baba kwa baiskeli. Mbwana alisimama, kofia mkononi, akasema, "Shekhe, nimemtumia mwanangu mahindi na maharage, yakarudishwa. Nikatuma tena, yakarudishwa. Nauliza nimekosa nini."

"Nimerudisha mie," akasema Rajabu. "Mwanamke nimemwoa pamoja na mwanawe. Leo nimeketi barazani kwangu, watu wapita, waone gunia la mtalaka wa mke wangu laingia ndani? Yakhe, mie si mwanamume? Chakula chake hakivuki kizingiti changu."

Shekhe Athumani akamgeukia Mwanaidi. "Mwanao jana amekula nini?"

Mwanaidi akavuta ukaya wake wa kichwani. "Asubuhi uji wa muhogo."

"Na jioni?"

"Uji ule ule, Shekhe, tuliongeza maji."

Rajabu akatazama vidole vya miguu yake. Mshahara alikuwa nao, na alikuwa ameshinda kwenye foleni akirudi mikono mitupu kama watu wote.

"Rajabu," akasema Shekhe taratibu, "ukimlisha mtoto wa mwenzio ni sadaka, na Mungu hapotezi ujira wa mtu. Lakini sadaka yako haimwondolei huyu wajibu wake. Ukimfungia mlango, humfungii yeye. Wamfungia mtoto."

Mkumbuke kwamba Mbwana alikuwa na silaha. Kwa madhehebu yetu ya Kishafii, mama akiolewa na mtu baki, asiye ndugu wa mtoto, haki yake ya kukaa na mtoto huweza kumtoka ikaenda kwa bibi mzaa mama, na yule bibi alikuwa amefariki, hivyo baba angeweza kumdai. Mwingine angesema, "Basi nipeni mwanangu," ili kuwakomoa. Mbwana aliulizwa na Shekhe mwenyewe kama anamtaka mtoto. Akajibu kwamba kambini analala chumba kimoja na vibarua wenzake na hakuna mwanamke wa kumlea mtoto, akae kwa mama yake.

Shekhe akamuuliza Rajabu ananunua wapi mahitaji ya nyumbani. Rajabu akasema kwa Gulamu, mtaa wa Usagara. Gulamu alikuwa Mwislamu wa asili ya Kihindi, baba yake na babu yake waliuza katika duka lile lile. Ndipo Shekhe akatoa shauri: mizigo ya Mbwana iteremshwe dukani kwa Gulamu, na Mwanaidi aichukue na kikapu chake kama mtu anayetoka kununua. Macho ya jirani yangeona mke wa Rajabu anatoka dukani, basi.

Rajabu akafikiri sana. "Nakubali. Ila mtoto asiambiwe. Ajue amekula kwangu."

Mimi niliruka kwenye mkeka. Shekhe akaninyooshea kiganja nikae. Akamtazama Mbwana, na sote tukamtazama. Mbwana alikuwa akiizungusha kofia yake mikononi.

"Ale tu," akasema. "Akishiba, yatosha."

Wakapeana mikono, tukaapa sote tuliokuwepo, na Gulamu akaapishwa baadaye dukani kwake. Wengine walipotoka nikamwambia Shekhe kwamba tumemlisha mtoto na kumnyima baba. Hakukasirika. "Njaa haina subira, binti. Tumshibishe kwanza. Fahari ya Rajabu tutakuja kuishughulikia." Nikamuuliza lini. Akaniuliza jina langu nani vile. Alifariki kabla ya kunijibu, Mungu amrehemu, na swali likabaki mikononi mwangu.

Chakula kikaanza kuteremka. Dereva wa lori la chai alikichukua kule juu, akakishusha Usagara. Mahindi, maharage, ndizi, mara nyingine kipande cha sabuni ambacho Mbwana alipewa shambani naye hakukitumia. Na kila mara, ndani ya maharage, fundo dogo la kitambaa lenye iliki. Mji mzima ulikuwa ukinywa maji ya moto na kuyaita chai, na chai ya akina Zuhura ilinukia iliki hadi nyumba ya tatu. Mtoto akadhani Gulamu ndiye mwenye roho nzuri. Akamwita Babu Iliki.

Siku moja nilikuwa dukani, Mbwana amekuja mwenyewe na lori. Zuhura akaingia na kikapu, ana miaka saba au minane hivi, nywele zimesukwa. Mtoto wa Kitanga hapiti mbele ya mkubwa kimya. Akamwamkia Gulamu, akaniamkia mimi, akamgeukia yule mwanaume mwenye udongo mwekundu miguuni.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu," akasema Mbwana.

Kila mzee humwita kila mtoto hivyo, kwa hiyo hakuvunja ahadi. Zuhura akachukua kikapu akaenda zake. Mbwana alibaki ameshika ukingo wa meza ya duka, na Gulamu akajifanya anatafuta kitu chini, anatafuta wee, hakipati. Mimi nililia barabarani nikisukuma baiskeli, na aliyeniuliza nilimwambia ni vumbi.

Kisha ukaja msako wa walanguzi. Watu walizika sabuni uani, wakamwaga mafuta, maana kukutwa na bidhaa bila karatasi ilikuwa balaa. Wakaguzi wakaingia kwa Gulamu, wakakuta nyuma ya duka gunia la maharage na iliki, zao lililokuwa likipita kwa magendo. Wakauliza la nani. Dukani palikuwa na wateja, na mmojawao alikuwa Rajabu. Gulamu angeweza kusema ukweli kwa neno moja tu. Alimtazama Rajabu, akasema, "Langu." Wakamchukua. Rajabu hakufungua mdomo.

Nilipopata habari kesho yake nilikwenda kituoni, nikaomba kusema na mkubwa faraghani, nikamweleza kwamba ile ni posho ya mtoto kwa uamuzi wa baraza. Gulamu akaachiwa, gunia halikurudi. Nilimuuliza kwa nini alijitia kitanzini. "Bi Tatu," akasema, "si niliapa? Na yule bwana alikuwa amesimama pale, watu wote wanatazama." Toka hapo iliki ikaja ya kutosha birika tu, na Gulamu aliihifadhi mfukoni mwa koti lake.

Mambo yakageuka, kama mlivyosoma vitabuni. Maduka yakajaa. Sabuni za kila rangi, sukari ukitaka gunia. Lakini mishahara ikaanza kukatika. Wakati wa njaa ya kwanza pesa ilikuwepo, bidhaa hazikuwepo. Sasa bidhaa zilikutazama kutoka kwenye rafu na wewe huna kitu. Kwetu ofisini ikawa shida mpya: zamani nilimwandikia mwajiri amkate baba mshahara, sasa mwajiri mwenyewe hayupo, na baba anakwambia anatembeza biashara mkononi. Ikabidi nijifunze upya kufuata watu sokoni, kuzungumza na mashangazi na wajomba, kuuliza tena mtoto jana amekula nini.

Rajabu alipunguzwa kazi. Akatundika mitumba barazani, akakaa nyuma yake na shati lililopigwa pasi. Wateja hawakuwa wengi. Kikapu cha kwa Gulamu kikaendelea kuja, kizito kuliko zamani, kwa sababu Mbwana alikuwa amepata kishamba chake mwenyewe huko milimani. Nyumba nzima ikala humo: Mwanaidi, wadogo zake Zuhura, na Rajabu. Alijua. Alimega tonge akijua. Mwanaidi aliniambia kwamba siku za mwanzo mumewe alikuwa akila amegeukia ukuta.

Nitawaambia neno moja la kazi hapa, mlishike. Ukifanya mpango wa matunzo, hakikisha kuna kitu kimoja ambacho baba anamkabidhi mtoto kwa mkono wake. Hata ndara za Idi. Chakula kinajenga mwili, lakini mtoto anataka pia kujua ni nani aliyemfikiria. Baada ya Zuhura sikuruhusu tena mpango usio na hilo, na waliokataa niliwarudisha kwenye kile kiti changu.

Kwa maana Zuhura alikua, akachumbiwa. Posa ikaletwa, siku ikapangwa, na ndipo Mwanaidi akaja kwangu analia. Bibi harusi haozeshwi bila walii, msimamizi wa kumwozesha, na walii ni baba mzazi. Baba wa kufikia, hata akulee na kukubembeleza, hana nafasi hiyo. Zuhura alijua ana baba huko milimani, ila aliposikia aitwe, alikataa. "Mtu hajaniletea hata kitambaa cha kufutia kamasi," alisema, "leo ndiye aje kuniozesha? Kadhi aniozeshe kama asiye na baba." Na kadhi hawezi, kwa sababu baba yu hai, yuko karibu, na hajakataa. Bwana harusi na wazazi wake wakaanza kunong'ona kuna nini. Harusi ilikuwa inavunjika.

Nilikwenda kwa Rajabu. Alikuwa akikunja mashati ya mitumba.

"Rajabu, wewe ndiye uliyetaka neno lifungwe. Lifungue."

"Wataka nivuliwe nguo mbele ya mtoto, Bi Tatu? Huyu mie nilimshika mkono kumpeleka chuoni kusoma Kurani. Alipougua surua nilikesha naye. Nikishasema, nitabaki na nini?"

Miaka yote nilikuwa nimemwandalia maneno makali, na siku hiyo yalinikauka. Alikuwa anasema kweli. Alikuwa amemlea.

"Sijui utabaki na nini," nikamwambia. "Ila yule wa Amani ameishi bila hicho unachokiogopa kukipoteza tangu mtoto hajaota meno."

Akaendelea kukunja. Niliondoka nikijua nimeshindwa.

Siku ya harusi Mbwana alishuka kutoka milimani na kanzu mpya yenye mikunjo ya dukani. Hakuna aliyemkaribisha, basi akasimama upande wa pili wa njia, na Gulamu akasimama naye. Adhuhuri ilipita. Ndani, Zuhura ameketi kitandani, hina mikononi, hataki kusikia. Mimi na mama yake tulikuwa tumeishiwa na maneno. Mashoga zake, wasichana wenzake, wakabaki wameshika vigelegele vyao.

Rajabu akabisha hodi, akaingia. Hakuketi.

"Zuhura," akasema, "yale maharage uliyokulia, ya Mbwana. Mahindi yake. Sare yako ya kwanza ya shule, kitambaa alileta yeye. Mie nilikataza jina lake humu ndani, na chakula chake nikakipokea. Gulamu amelala rumande kwa ajili yangu, nami nimesimama natazama. Na nilipoachishwa kazi, mie mwenyewe nimekula kwa Mbwana mpaka leo. Ukikasirika, nikasirikie mie."

Zuhura alimtazama, halafu akamtazama mama yake, na mama yake akaitikia kwa kichwa. Rajabu hakungoja jibu. Alitoka, akavuka njia, sote tukichungulia dirishani. Akamshika Mbwana mkono mbele ya Mabawa yote iliyokuwa pale, akamleta hadi mlangoni. Mbwana akasita kwenye kizingiti. Alikuwa hajawahi kukivuka.

"Pita, yakhe," akasema Rajabu. "Ni kwako."

Mnajua desturi. Walii huja na mashahidi wawili, akasimama nje ya pazia na kumwomba binti idhini. Binti akinyamaza, huhesabiwa ameridhia, na wengi hunyamaza kwa haya. Mashahidi walikuwa Gulamu na Rajabu. Mbwana akasogea hadi kwenye pazia.

"Zuhura binti Mbwana, waniruhusu nikuozeshe?"

Kimya. Tungeweza kukihesabu ni idhini tukaendelea, na nadhani kila mtu mle ndani alitamani hivyo. Mbwana hakusogea. Alingoja.

"Na ile iliki?" Zuhura akauliza nyuma ya pazia.

"Yangu, mwanangu. Nilikuwa nakuchumia mwenyewe."

Nilimwona Zuhura akiziba uso kwa viganja vyenye hina, mabega yakitikisika. Mwanaidi akamshika mgongo. Kisha binti akasema kwa sauti iliyosikika hadi uani, "Niozeshe, baba."

Mashahidi hutakiwa kutamka kwamba wamesikia. Gulamu akasema amesikia. Rajabu alikuwa amesimama wima, shati lake limenyooka, machozi yakimtiririka bila kuyafuta.

"Nimesikia," akasema.